Cholmondeley: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuatilia Jina Adimu la Kiingereza

Jina Cholmondeley lina herufi 12, lakini mwenye nalo akijitaja utasikia "Chamli" tu. Wakenya wengi hawalijui kwa sauti wala kwa maandishi, ingawa mmoja wa waliolibeba wanamjua tangu shule ya msingi: Lord Delamere, mlowezi wa Njoro na Soysambu. Mimi nimefundisha historia mjini Nakuru sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Darasa huingia na darasa hutoka, lakini swali la wanafunzi halibadiliki: Mwalimu, ikiwa ukoo huu ni wa Delamere, mbona magazeti huandika Cholmondeley?

Swali hilo nililichukulia kwa uzito. Nimelifuata jina hili katika kamusi za majina ya Kiingereza, katika vitabu vya nasaba vya jimbo la Cheshire, katika sensa za karne ya 19, na katika mashamba ya Bonde la Ufa ambayo ndiyo njia yangu ya kila siku. Nimetoka na imani moja iliyokomaa: jina la namna hii ni habari ya ardhi. Linatuambia nani aliishika, nani aliirithi, na nani aliondolewa. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata.

1. Tafuta ardhi kabla ya kumtafuta mtu

Majina ya ukoo ya Waingereza hugawanywa katika makundi manne makubwa. Kuna ya kazi, kama Smith, yaani mhunzi. Kuna ya baba, kama Johnson, mwana wa John. Kuna ya lakabu, kama Armstrong, mtu wa mkono wenye nguvu. Na kuna ya mahali, ambayo ni mengi sana, na ndiyo yanayozaa majina adimu kuliko makundi mengine. Wahunzi walikuwa katika kila kijiji, kwa hiyo Smith lilizuka mahali pengi bila watu hao kuwa na undugu. Lakini kijiji chenye jina lisilo na pacha kinaweza kuzaa ukoo mmoja tu.

Cholmondeley ni kijiji cha Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mfalme William aliyeiteka nchi hiyo alipoagiza mashamba yote yahesabiwe, makarani wake waliliandika jina hilo mwaka 1086 katika kitabu cha Domesday kama Calmundelei. Mshikaji wake wakati huo alikuwa Robert mwana wa Hugh, bwana wa Malpas, naye aliishika ardhi hiyo chini ya mtawala wa Chester.

Ukilifumua jina utakuta sehemu mbili za Kiingereza cha kale. Ya kwanza ni jina la mtu, Ceolmund, lililoundwa kwa neno la merikebu na neno la ulinzi. Ya pili ni leah, uwazi uliofyekwa katikati ya msitu. Kwa hiyo Cholmondeley ni uwazi wa Ceolmund msituni. Si mbali na hapo kuna kijiji cha Cholmondeston, ambacho nacho kimebeba jina Ceolmund, mara hii pamoja na neno la shamba.

Huyo Ceolmund hatuna habari zake nyingine. Hatumjui baba yake wala mkewe. Tunajua kwamba zaidi ya miaka 900 iliyopita watu wa pale walipaita kwa jina lake, na karani akaandika. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwingereza huyu alibahatika kuingia katika daftari, na jina lake likavuka karne zote hizo likiwa limefichwa ndani ya jina la watu wengine.

2. Ndugu wawili wanaweza kuwa na majina mawili ya ukoo

Hili linawashangaza wanafunzi kuliko mambo mengine yote, nami nalipenda kwa sababu linaonyesha jinsi mfumo wenyewe ulivyozaliwa.

Baada ya mwaka 1066 mabwana wa Uingereza walianza kutajwa kwa mashamba yao. Kwa vizazi vya mwanzo jina hilo halikuwa la ukoo. Lilikuwa anwani. Mtu wa Malpas aliitwa wa Malpas, na mwanawe akipewa kijiji kingine aliitwa wa kijiji hicho. Ilichukua muda mrefu, kwa wengi hadi karne ya 14, jina lisimame na kuanza kurithiwa na watoto hata kama wamehama.

Vitabu vya nasaba vya Cheshire vinasema kwamba akina Cholmondeley wanatokana na mabwana wa Malpas. Tawi moja lilipata Cholmondeley, likachukua jina hilo. Tawi jingine lilipata Egerton, kijiji jirani kabisa, likawa ukoo wa Egerton. Damu ni moja, lakini majina ni mawili kwa sababu mashamba yalikuwa mawili.

Msomaji wa Nakuru atakuwa ameshashtuka. Egerton ndilo jina la chuo kikuu chetu cha Njoro. Maurice Egerton, baroni wa 4 wa Tatton, alihamia huku, akaanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, na shule hiyo ikakua hata ikawa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Jumba lake la mawe bado liko Ngata. Kwa hiyo vijiji viwili vinavyopakana huko Cheshire vimetuachia majina mawili katika wilaya moja ya Bonde la Ufa. Mkulima wa Njoro anayapita yote mawili akienda sokoni, na hakuna kibao kinachomweleza kwamba yametoka katika nyumba moja.

Tangu nilipolijua hilo, sikubali tena mwanafunzi aniambie kwamba watu wawili si wa ukoo mmoja kwa sababu tu majina yao hayafanani. Namwambia aulize kwanza nani alipewa shamba lipi.

3. Cheo si jina

Hapa ndipo jibu la lile swali la darasani. Delamere ni cheo. Cholmondeley ni jina la ukoo.

Tawi dogo la ukoo huu lilihamia Vale Royal, papo hapo Cheshire, mahali palipokuwa na monasteri iliyoanzishwa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1277 na kufungwa mwaka 1538 katika utawala wa Henry wa Nane. Mwaka 1821 mkuu wa tawi hilo, Thomas Cholmondeley, alipewa ubaroni. Baroni huhitaji jina la cheo, na yeye akachukua Delamere, kutokana na msitu uliokuwa jirani. Tangu siku hiyo mrithi mmoja katika kila kizazi huitwa Lord Delamere. Ndugu zake, dada zake na binamu zake wote hubaki Cholmondeley. Yeye mwenyewe pia ni Cholmondeley katika cheti cha kuzaliwa.

Tawi kubwa lililobaki Cholmondeley lina cheo chake, cha juu zaidi, kilichotolewa mwaka 1815, nacho kimelifuata jina la kijiji. Ndiyo maana Uingereza jina Cholmondeley linasikika zaidi, na Kenya jina Delamere ndilo lililoenea.

Tofauti hii ina uzito kwa yeyote anayetafuta habari. Ukitafuta hati za ardhi za Kenya kwa jina Delamere utaona sehemu. Ukitafuta kwa jina Cholmondeley utaona sehemu nyingine. Mtafiti asiyejua kwamba ni watu walewale atatoka na nusu ya habari. Mimi huwafundisha vijana kuandika majina yote ya mtu juu ya ukurasa kabla hawajaanza kusoma chochote: jina la kuzaliwa, la ukoo, la cheo, na lile wananchi walilompa.

4. Sauti zinazofanana si ushahidi

Msitu ambao Delamere alichukua jina lake una historia yake. Katika zama za kati palikuwa na misitu miwili ya kifalme iliyokwenda pamoja, Mara na Mondrem. Ilikuwa mahali pa mfalme na watawala wa Chester kuwinda, na watu wa kawaida waliishi chini ya sheria kali za msitu. Hadhi hiyo ya kifalme iliondolewa kwa sheria mwaka 1812, na kipande kilichobaki ndicho Msitu wa Delamere wa leo.

Mkenya akisikia kwamba Lord Delamere ametoka katika msitu ulioitwa Mara, moyo unaruka. Maasai Mara tunayo. Je, yeye ndiye aliyelileta jina? Au kuna siri ya kale inayounganisha nchi hizi mbili?

Hakuna. Mara ya kwetu ni neno la Kimaasai lenye maana ya madoadoa, nalo linaeleza mbuga ile jinsi vichaka na vivuli vinavyoonekana kutoka mbali. Mara ya Cheshire ni ya familia ya maneno yanayohusu maziwa na mabwawa, na Delamere kwa asili yake ya Kifaransa ni wa ziwa au wa bwawa. Lugha zenyewe hazina uhusiano, na maneno yamekutana kwa sauti tu.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona majina mengi ya Afrika Mashariki yakielezwa kwa kubahatisha sauti. Mtu anasikia jina la mji, analikata vipande, anatafuta neno linalokaribia katika lugha anayoijua, halafu hadithi inazaliwa na kuingia vitabuni. Wataalamu wa majina ya Uingereza hutaka hati ya zamani kabisa yenye jina hilo kabla hawajasema neno. Kwa Cholmondeley wanayo, ya mwaka 1086. Pasipokuwa na hati, shahidi wetu ni wazee wa lugha husika, waulizwe zaidi ya mmoja na kwa nafasi zao.

5. Ulimi husonga, kalamu hubaki nyuma

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna neema ambayo mara nyingi hatuihesabu: tunachoandika ndicho tunachosema. Jina kama Cholmondeley linaonyesha kinachotokea pale tahajia inapoganda na ulimi ukaendelea na safari.

Kiingereza hukaza silabi moja ya neno na kuzilegeza nyingine. Katika Cholmondeley nguvu iko mwanzoni. Zilizofuata zililegea kizazi baada ya kizazi, mpaka katikati ya jina pakamezwa, ikabaki Chamli. Majina mengine ya ukoo yana historia hiyohiyo. Featherstonehaugh baadhi ya wenye nalo husema Fansho. Beauchamp husemwa Bicham. Mainwaring, ukoo mwingine wa kale wa Cheshire, husemwa Manaring.

Kabla tahajia haijaganda, kila karani aliandika alivyosikia, na matawi ya ukoo yakatoka na maandishi tofauti. Sir Roger Cholmeley, aliyekuwa jaji mkuu jijini London, alianzisha Shule ya Highgate mwaka 1565. Akina Cholmley walikaa Whitby, pwani ya Yorkshire, na Sir Hugh Cholmley akaishika ngome ya Scarborough upande wa mfalme wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1640. Mwanawe, Hugh pia, alikwenda Afrika Kaskazini. Waingereza walikuwa wamepewa mji wa Tanja, Moroko, katika mahari ya malkia wao kutoka Ureno, naye akasimamia ujenzi wa gati kubwa la mawe baharini. Mwaka 1684 Waingereza waliuacha mji huo na kulibomoa gati lenyewe. Na kuna walioamua kuandika kama wanavyosema: Chumley, jina ambalo leo linapatikana hata Marekani.

Cholmondeley, Cholmeley, Cholmley, Chumley. Mtu akikuuliza jina hili lina watu wangapi, huna budi kumuuliza kwanza anataka maandishi yapi. Hesabu ya jina lolote adimu huanza kwa kukusanya sura zake zote. Mwenye kuhesabu tahajia moja tu atawaacha nje ndugu wengi.

6. Uchache wa jina una sababu zake

Katika sensa ya mwaka 1881 Uingereza, Wales na Scotland zilikuwa na watu wapatao milioni 30, na zaidi ya 400,000 kati yao waliitwa Smith. Cholmondeley wakati huo lilikuwa jina adimu, na mpaka leo ni adimu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ukoo uliodumu tangu zama za kati, wenye mashamba na chakula cha kutosha, usijaze nchi.

Sababu ya kwanza nimeshaigusa: chanzo kimoja. Kijiji kimoja, ukoo mmoja.

Sababu ya pili ni desturi ya jina kupita kwa wana wa kiume peke yao. Mwaka 1873 Francis Galton aliwauliza wanahisabati swali hili: ikiwa kila mwanamume huzaa idadi fulani ya wana kwa bahati, ni sehemu gani ya majina ya ukoo itatoweka baada ya vizazi kadhaa? Kasisi mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, alilifanyia kazi, na mwaka uliofuata wakachapisha makala pamoja. Watson alifikia jibu kwamba mwishowe majina yote hutoweka. Wanahisabati wa baadaye walilisahihisha: ikiwa kwa wastani kila mwanamume anaacha zaidi ya mwana mmoja, jina lina nafasi ya kuishi milele, lakini hata hapo mengi hufa katika vizazi vya mwanzo, yakiwa bado na watu wachache. Hesabu hiyo leo hutumika pia kueleza jinsi ugonjwa unavyoenea au kuzimika, na jinsi chembe za nyuklia zinavyozaana. Ilianzia katika swali la majina.

Ili kuiona kazi ya hesabu hiyo, tazama maisha ya wanawake wa ukoo huu. Mary Holford alizaliwa mwaka 1562, mrithi wa baba yake huko Cheshire. Baba yake mdogo alidai ardhi iwe yake, na kesi ikaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Mary hakurudi nyuma. Alikuwa ameolewa na Sir Hugh Cholmondeley, na akiwa mjane alinunua Vale Royal, nyumba ambamo wazao wake wangekuja kupata cheo cha Delamere. Mfalme James wa Kwanza alifikia hapo mwaka 1617, akamwita mama shupavu wa Cheshire. Lakini tazama kilichotokea kwa jina. Ardhi ya Holford aliyoipigania nusu ya maisha yake iliingia katika nyumba ya Cholmondeley, na watoto wake wakachukua jina la baba yao.

Ndivyo ilivyokuwa tena karne iliyofuata. Binti wa Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, aliolewa katika ukoo huu mwaka 1723. Jumba la Houghton ambalo Walpole alijijengea Norfolk liliangukia mikononi mwa Cholmondeley mwaka 1797, baada ya mwana wa mwisho wa Walpole kufariki bila mtoto. Binti ndiye aliyekuwa daraja la mali, na jina lake ndilo lililoachwa ng'ambo.

Kwa hiyo nikikutana na jina adimu siku hizi, siulizi tu wanaume wake walikwenda wapi. Nauliza ni majina mangapi ya wanawake yamezikwa ndani yake. Damu ya Holford na ya Walpole haikutoweka. Imehesabiwa kwa jina jingine.

7. Jina lililozaliwa na ardhi linaweza kwenda kutwaa ardhi

Hugh Cholmondeley, baroni wa 3, alizaliwa Vale Royal mwaka 1870 na kurithi mwaka 1887. Alianza kuja Somalia kuwinda akiwa kijana, na mwaka 1897 msafara wake ulivuka jangwa na kuteremka katika nyanda za juu za Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kwa pauni 200 kwa mwaka. Aliweka rehani urithi wake wa Cheshire apate mtaji. Kondoo wake walidhoofika kwa sababu udongo ulikosa madini, ng'ombe wakapatwa na maradhi, ngano ikaliwa na kutu. Aliendelea kutafuta mbegu zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka akaiita kwa neno letu, Unga. Uvumilivu huo nautambua, na historia ya kilimo cha Kenya haiandikiki bila yeye.

Lakini ardhi haikuwa tupu. Mwaka 1904 serikali iliwafanya Wamaasai waingie mkataba wa kuondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Waligawanywa, wengine wakapelekwa Laikipia, na mkataba ukasema makazi hayo mapya ni yao siku zote. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia nako na kuwapeleka kusini. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kupinga. Mahakama ilisema mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, kwa hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Delamere aliishi kati ya Wamaasai, akajua lugha yao, akawaajiri kuchunga mifugo yake. Na bado shamba lake la Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, lilikuwa katika nchi waliyoondolewa.

Nikiyaweka haya pamoja na yale ya Cheshire, naona mzunguko mzima. Huko Uingereza ardhi ndiyo iliyompa mtu jina. Alipofika huku, mtu ndiye aliyeipa ardhi jina: barabara kubwa ya Nairobi ikaitwa Delamere Avenue, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Baada ya uhuru barabara hiyo ikawa Kenyatta Avenue na sanamu ikaondolewa mjini. Soysambu, Elmenteita na Naivasha bado ni majina ya Kimaasai. Mkataba ulimwondoa mwenye kuyatamka, lakini aliyehamia alilazimika kuyajifunza.

Vijana wengi wa Kenya walilisikia jina Cholmondeley kwa mara ya kwanza katika taarifa za mahakama. Mwaka 2006 Robert Njoya, fundi mawe, alipigwa risasi akafa katika shamba la Soysambu. Mwezi Mei 2009 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimtia hatiani Thomas Cholmondeley, kitukuu wa baroni wa 3, kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi 8. Ninapoifundisha kesi hiyo nataka mwanafunzi alitaje jina la Njoya kwanza. Jina gumu la Kiingereza limeandikwa kila mahali, na mtu hulikumbuka kwa ugumu wake. Jina la fundi mawe linahitaji mwalimu wa kulikumbusha.

8. Andika majina ya walioishi kwenye ardhi ileile

Somo hili la mwisho ndilo linaloniongoza sasa katika kazi yangu.

Ukoo wa Cholmondeley unaweza kufuatwa karne kwa karne kwa sababu kila hatua iliandikwa: kitabu cha kodi, wosia, kesi, rejista ya ubatizo, sensa. Waliofanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa waliandikwa pia, lakini kwa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka waliokaa katika mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kipande, yaani cheti cha usajili wa mfanyakazi kilichoanza kutumika miaka hiyohiyo, kiliwekwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Babu yangu alikibeba. Jina lake humo lilikuwa kama karani alivyolisikia, kama vile makarani wa William walivyolisikia jina la Ceolmund.

Vipande vingi vimepotea, lakini watu bado wapo. Nimeanza na wanafunzi wangu kazi rahisi ambayo shule yoyote inaweza kuifanya. Kila mmoja anaandika jina lake kamili, na chini yake majina ya wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, na mahali kila mmoja alipozaliwa, kwa jina la zamani la mahali hapo. Upande wa mama unaandikwa kwa ukamilifu uleule kama wa baba, maana nimeshaona jina la Holford lilivyoishia. Kisha wanauliza nani alimpa nani jina, na kwa sababu gani. Kama jina limeandikwa kwa tahajia mbili katika hati za familia, zote mbili zinaingia.

Madaftari hayo yamefundisha zaidi ya kitabu chochote nilichowahi kuwagawia. Mtoto mmoja amejua kwamba jina lake la tatu ni la mlima ulio nyuma ya shamba alilozaliwa bibi yake. Mwingine amegundua kwamba yeye na jirani yake wa dawati wana babu mmoja, kwa sababu ndugu wawili walipata kazi katika mashamba mawili na makarani wawili wakawaandika tofauti. Niliyoyasoma kuhusu Malpas, Egerton na Cholmondeley nimeyaona yakijirudia Njoro, kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwatungia kitabu cha nasaba.

Nawaomba walimu wenzangu, na kila mzazi mwenye mzee aliye hai nyumbani, waifanye kazi hii mwaka huu. Chukueni daftari, ulizeni jina, mahali na mwaka, na muandike mlivyoambiwa. Kisha tengenezeni nakala mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe katika maktaba ya shule au ya kaunti, ambako mtafiti atakayekuja baada yetu ataikuta.